Barua ya wazi kwa Gavana wa Haut-Katanga na Meya wa Lubumbashi: njia za kihistoria za mji wetu zilindwe kwa sheria

Lubumbashi, komini ya Kamalondo

Mheshimiwa Gavana wa Jimbo la Haut-Katanga,
Mheshimiwa Meya wa Mji wa Lubumbashi,
Waheshimiwa manaibu wa Bunge la Jimbo na wakuu wa komini zetu saba,

Ninawaandikia nikiwa mkaaji wa Kamalondo na mwalimu wa historia, kuomba jambo moja ambalo limo ndani ya uwezo wenu na ambalo halilazimiki kusubiri amri kutoka Kinshasa. Ninaomba jimbo na mji watengeneze orodha rasmi ya njia na mahali pa kihistoria pa Lubumbashi na viunga vyake, orodha hiyo ipitishwe na Bunge la Jimbo kwa edikti, yaani sheria ya jimbo, na tangu siku hiyo pasitiwe sahihi kibali chochote cha kujenga, kubomoa, kupanua barabara au kugawa viwanja kabla hakijalinganishwa nayo. Ninataja njia kwanza, na mahali baadaye, kwa makusudi. Mji huu haukukua kando ya jumba la mfalme wala boma la kale. Ulikua kwa sababu watu walitembea, walisafirishwa na walihamishwa, kutoka Bunkeya, Kasai, Rwanda, Rhodesia ya Kaskazini na hata kisiwa cha Rhodes, wakakutana hapa kwa ajili ya shaba. Historia ya watu wa namna hiyo haiwezi kutunzwa kwa kuzungushia ukuta nyumba nne au tano na kuacha kila kilichomo kati ya nyumba hizo kiuzwe.

Sisemi kwamba hakuna lililofanyika. Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, ambayo mwanzo wake ni miaka ya 1940, bado yanapokea wanafunzi wetu. Jumba la maonyesho lililojengwa katika miaka ya 1950 kwa michoro ya Claude Strebelle halikuachwa liwe gofu: leo ndilo Jengo la Juni 30, na manaibu wetu hukaa humo kujadili sheria. Mwezi Juni 2022, jeneza lenye jino la Patrice Lumumba lilipozungushwa nchini kabla ya maziko yake Kinshasa tarehe 30, lilifika pia kwetu, na viongozi na wananchi walilipokea kwa pamoja kwa heshima iliyostahili. Hizi ni juhudi za kweli na ninazishukuru. Upungufu ninaouona ni kwamba kila mojawapo imeshughulikia mahali pamoja au siku moja, na hakuna aliyepewa jukumu la kulinda kinachounganisha mahali hapo na pengine.

Niruhusuni nianze na njia iliyo nzito kuliko zote. Alasiri ya tarehe 17 Januari 1961, ndege iliyotoka Moanda ilitua kwenye uwanja wa ndege wa Luano, hapa mjini, ikiwa na wafungwa watatu: Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa nchi hii, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Walikuwa wamepigwa angani, na walipigwa tena walipoteremshwa. Kutoka uwanjani walipelekwa kwenye nyumba isiyokuwa mbali na hapo, inayojulikana hadi leo kwa jina la Villa Brouwez, ambako waliteswa kwa saa kadhaa na ambako mawaziri wa Katanga, iliyokuwa imejitenga na Kongo, walikuja kuwatazama. Usiku huohuo msafara wa magari ulitoka pale ukaelekea upande wa Likasi, ukasimama porini Shilatembo, karibu kilomita 50 kutoka mjini, na wote watatu wakapigwa risasi mmoja baada ya mwingine, huku Moïse Tshombe, rais wa Katanga hiyo, na maafisa kadhaa wa Kibelgiji wakiwapo. Miili yao ilifukiwa, ikafukuliwa, ikahamishwa, na mwishowe ikayeyushwa kwa asidi. Mwaka 2001 tume ya Bunge la Ubelgiji ilihitimisha kwamba baadhi ya viongozi wa Ubelgiji wa wakati ule walibeba wajibu wa kimaadili kwa mambo yaliyosababisha vifo hivyo.

Waliotenda jambo lile walikusudia pasibaki kaburi. Walifanikiwa kwa sehemu kubwa, kwa maana jino moja tu ndilo lililorudishwa kwa familia baada ya miaka zaidi ya 60, na Mpolo na Okito hawana hata hilo. Pasipo kaburi, njia ndiyo iliyobaki. Uwanja wa Luano upo, barabara ipo, Shilatembo ipo. Mtu anaweza kuipita safari nzima kwa asubuhi moja, na akifika mwisho wake atakuwa ameelewa kitu ambacho kitabu cha shule hakiwezi kumpa: urefu wa safari ile kwa watu waliofungwa kamba, katika giza, wasiojua gari litasimama wapi. Nimewahi kuwapeleka wanafunzi wa mwaka wa sita kwenye njia hiyo. Kando ya barabara magunia ya makala yalikuwa yamepangwa kwa makumi, yamefungwa juu kwa majani makavu. Nyuma yake miti ya miombo ilikuwa imekatwa hadi kwenye visiki, na kati ya visiki vilisimama vigingi vipya vya zege vyenye namba zilizoandikwa kwa rangi nyekundu, alama ya viwanja vilivyokwisha kupimwa. Msichana mmoja aliuliza ni wapi hasa magari yaliacha lami na kuingia porini. Nilimwonyesha kwa kukadiria, kwa sababu pori lenyewe, ambalo ndilo lingetuongoza, lilikuwa linaondoka.

Siwalaumu wanaochoma makala, kwa maana wanatafuta bukari, yaani ugali, la watoto wao, wala siwalaumu wanaonunua viwanja, kwa maana mji unakua na watu wanahitaji kulala mahali. Ninachosema ni kwamba mpimaji aliyesimika vigingi vile hakuvunja sheria yoyote aliyokuwa nayo mkononi. Hakuwa na ramani inayomwambia kwamba hapa alipita Lumumba kwa mara ya mwisho. Angekuwa nayo, ukanda wa mita chache tu kila upande ungeachwa wazi, na viwanja vingeanza nyuma yake bila mtu yeyote kukosa makao. Uzembe wa namna hii haurekebishwi kwa hotuba ya kila tarehe 17 Januari. Unarekebishwa na karatasi moja iliyoko mezani kwa mpimaji kabla hajatoka ofisini.

Njia ya pili ninayoiombea ni fupi, na wengi wetu tunaipita kila siku bila kuitazama: ni ile inayotoka katikati ya mji kuja Kamalondo. Élisabethville, kama mji wetu ulivyoitwa na wakoloni, ilipoanzishwa mwaka 1910, watawala waliupanga mji kwa ajili ya Wazungu na kuwaweka Waafrika pembeni. Katika miaka ya 1920 waliona kwamba hata pembeni palikuwa karibu mno, wakatenga ukanda wa mita mia kadhaa usiokaliwa na mtu, walioupa jina la eneo lisilo la upande wowote, na ng'ambo yake wakaweka makao ya Waafrika yaliyoitwa cité Albert, ambayo ndiyo Kamalondo yetu. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya afya: ilidaiwa kwamba mbu wa malaria hawezi kuruka umbali ule. Lakini boi, mpishi, karani na fundi wa ushonaji walivuka ukanda huo kila alfajiri na kila jioni kwa miguu, na mbu hawakuulizwa kibali kama walivyoulizwa wao.

Ukanda ule haukubaki mtupu kwa muda mrefu, na leo umejaa majengo, kiasi kwamba kijana wa miaka 20 hawezi kuutambua asipoonyeshwa. Hata hivyo umbo lake lipo. Barabara za mji wa zamani zilizonyooka zinafika mahali zinakoma au zinapinda, kisha baada ya nafasi ile zinaanza barabara za Kamalondo zikiwa na mpangilio wa viwanja vyake wenyewe, vidogo, vinavyotazamana. Mwanafunzi akiitembea njia hiyo huku ameshika ramani ya zamani, anauona ubaguzi wa rangi ukiwa umechorwa ardhini, na haoni tena haja ya kuhubiriwa juu yake. Ndiyo maana ninasihi kwamba upanuzi wowote wa barabara katika sehemu hiyo uhifadhi walau mstari wa njia ya waendao kwa miguu, na vibao viwekwe mahali ukanda ulipoanza na ulipoishia.

Kamalondo yenyewe ni urithi, na ninasema hivyo si kwa sababu ninaishi hapa. Ni komini ya Waafrika iliyo ya kale kuliko zote mjini. Kenya ilifuata mwaka 1929, kisha Katuba na Ruashi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwezi Desemba 1957, wakati Waafrika waliporuhusiwa kwa mara ya kwanza kupiga kura za komini katika miji ya Léopoldville (leo Kinshasa), Élisabethville na Jadotville (leo Likasi), wazee wetu walisimama kwenye mistari ya kura katika barabara hizihizi, na watu walioingia katika uongozi wa komini siku zile ndio waliokuja kuamua mambo ya nchi miaka mitatu baadaye. Mwaka 1965, waliokuwa wafanyakazi wa nyumba za Wazungu waliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili, kwa taipureta, wakieleza mabwana wao walikuwa watu gani na wao wenyewe waliishi vipi. Katika miaka ya 1970 Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi nzima kwa rangi, na watu wa kawaida walitundika picha za wachoraji wa aina yake ukutani sebuleni, karibu na picha za arusi. Nayataja haya ili Waheshimiwa muone kwamba wakaaji wa mji huu hawakungoja serikali iwaambie kwamba wana historia. Waliiandika na kuichora wakiwa na uwezo mdogo kuliko tulio nao sisi. Kazi ambayo hawakuweza kuifanya ni ile inayohitaji sahihi ya kiongozi.

Kuna njia moja ambayo inazidi kufutika kwa sababu hakuna anayependa kuisimulia. Desemba 1941, wakati Ubelgiji ikiwa chini ya Wajerumani na shaba ya Katanga ikihitajika vitani, wafanyakazi Waafrika wa Union Minière, kampuni ya Kibelgiji ya migodi, waligoma hapa na Jadotville wakidai nyongeza ya mshahara, kwa kuwa bei za vitu zilikuwa zimepanda na posho haikutosha. Tarehe 9 Desemba walikusanyika kwenye uwanja wa mpira hapa Élisabethville. Msemaji wao, Léonard Mpoyi, aliyekuwa karani, alikabiliana na gavana Amour Maron, na akapigwa risasi akafa; kisha askari wakafyatulia umati. Idadi ya waliokufa ilibishaniwa tangu siku ile, na takwimu za wakubwa hazikuwahi kukubalika makambini. Wazee wa kambi za wafanyakazi walikuwa wakisimulia jinsi watu walivyotoka kambini kwa mistari, bila silaha, wengine na wake zao, wakielekea uwanjani kama waendao mechi. Mwendo huo, kutoka kambini hadi uwanjani, haujulikani kwa watoto wa shule wanaocheza juu yake. Huu ni mji wa wafanyakazi, uliofundishwa kwamba kazi ndiyo baba na mama, na nashindwa kuelewa kwa nini jina la Mpoyi halijulikani na kila mtoto wake.

Nikitoka nje ya mji, njia ya shaba yenyewe ni ya kale kuliko mipaka yote tuliyonayo. Karne nyingi kabla ya reli, wayeyushaji wa Katanga walitengeneza misalaba ya shaba iliyotumika kama mali na kama fedha, na ambayo wachimbaji wa mambo ya kale wameikuta makaburini. Katika karne ya 19 Msiri, Mnyamwezi aliyefuata shaba na pembe za ndovu kutoka nchi ambayo leo ni Tanzania, aliweka makao yake Bunkeya, na misafara ikawa inatoka hapo kwenda mashariki kuelekea pwani ya Bahari ya Hindi na magharibi kuelekea Benguela katika Angola. Tarehe 20 Desemba 1891 aliuawa na watu wa msafara wa Stairs uliotumwa kwa niaba ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, na enzi yake ikaishia hapo. Kiswahili tunachozungumza kilifika Katanga kwanza kwa miguu ya wabeba mizigo wa misafara ile, kabla hakijawa lugha ya makambi na kiwanda.

Wenzetu wa Tanzania wameonyesha namna ya kulifanya jambo hili. Tangu mwaka 2006 wameiweka katika orodha yao ya mapendekezo kwa UNESCO njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, kutoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa, Kilimatinde na Tabora hadi Ujiji, umbali wa karibu kilomita 1,200. Wameipendekeza kama njia moja yenye vituo, na kila kituo kina maana kwa sababu ya kile kilichotangulia. Ujiji iko kwenye ziwa letu sote, Tanganyika. Sioni sababu kwa nini Haut-Katanga isianze mazungumzo na majimbo jirani ili upande wa Kongo wa mtandao huohuo wa misafara upate hadhi kama hiyo; lakini hatuwezi kuketi mezani na jirani hali hatujaandika hata ukurasa mmoja wa njia zetu wenyewe. Na kwa kuwa siku hizi kila mkutano unazungumza juu ya njia ya reli ya kwenda bandari ya Lobito, Angola, na madini yatakayopita humo, ingekuwa vyema aliyeko mezani akakumbuka kwamba shaba ya Katanga ilikuwa ikienda pwani ya Angola kabla ya reli ya Benguela kukamilika mwaka 1931.

Kuhusu reli iliyotuletea mji mwaka 1910 kutoka kusini kupitia Sakania, kuhusu tanuru lililotoa shaba ya kwanza mwaka 1911, na kuhusu bomba la moshi ambalo kila Mlushois, yaani mkaaji wa Lubumbashi, hulitafuta kwa macho anaporudi nyumbani, sitasema mengi kwa kuwa yanajulikana. Niongeze tu kwamba mlima wa mabaki ya shaba ulio kando yake umekuwa ukichakatwa upya kwa ajili ya kobalti kwa zaidi ya miaka 20, na hakuna ubaya katika hilo, ila mtu fulani serikalini anapaswa kuamua leo, kwa maandishi, ni kipande gani cha kiwanda kile kitabaki kama kumbukumbu siku kazi itakapokwisha.

Vivyo hivyo kwa majengo ya katikati ya mji: kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, sinagogi lililochorwa na Raymond Cloquet na kumalizika karibu mwaka 1930, na zile nyumba za veranda pana zilizojengwa kwa matofali mekundu ya udongo wa vichuguu. Majengo makubwa yana wenyewe wa kuyatetea. Nyumba za veranda hazina. Nimeiangalia moja ikibomolewa: mafundi waliondoa kwanza mabati, kisha mbao za dari zilizokuwa na matundu ya kupitisha hewa yaliyochongwa kwa umbo la maua, wakaziweka kando ya barabara na kuziuza kama kuni kabla jua halijatua. Mwenye nyumba alikuwa na haki ya kiwanja chake. Hata hivyo hakuna aliyemuuliza swali, wala hakuna aliyempa sababu ya kufanya vingine, kama vile punguzo la kodi ya nyumba kwa anayetunza sura ya mbele ya jengo na kujenga ghorofa nyuma yake.

Waheshimiwa, msingi wa kisheria mnao. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2006 kinaiagiza Serikali kulinda urithi wa kitamaduni wa taifa. Kifungu cha 204 kinaweka miongoni mwa mambo yaliyo chini ya majimbo pekee urithi wa kihistoria na majengo ya kumbukumbu ya umma yenye umuhimu wa jimbo na wa mahali. Sheria-amri namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 inaeleza jinsi mali ya kitamaduni inavyoorodheshwa na kulindwa, na sheria namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008 inaupa mji na komini utu wa kisheria na bajeti yake. Edikti ninayoiomba haitabuni mamlaka mapya. Itatumia yale ambayo yamelala.

Najua jibu la kwanza litakuwa fedha, na ni jibu la haki katika mji ambao barabara zake zina mashimo na ambao komini nyingi hazina maji ya uhakika. Lakini kazi ninayoielezea ni ya gharama ndogo: wapimaji wawili watatu, wanahistoria, gari, vibao, na uchapishaji wa ramani. Tangu Sheria ya Madini iliporekebishwa mwaka 2018, mrabaha wa madini hugawanywa hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, asilimia 25 kwa jimbo, asilimia 15 kwa mji, komini, sekta au utawala wa kimila ambamo mgodi upo, na asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Zaidi ya hayo, kampuni hutakiwa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka migodi. Shaba na kobalti ndizo zinazobadilisha sura ya jimbo hili kuliko kitu kingine chochote, na ni sawa kabisa sehemu ndogo sana ya mapato yake ilipie kumbukumbu ya watu walioichimba. Sheria hiyohiyo inamtaka mwenye kibali cha madini anayekuta dalili za mambo ya kale atoe taarifa kwa utawala. Taarifa hizo zinapaswa kuingizwa katika orodha ileile, badala ya kubaki faili la ofisi moja.

Jibu la pili ninalolisikia mara kwa mara, hasa kwa vijana, ni kwamba mengi ninayoyataja ni ya wakoloni, na kwamba afadhali yaondoke. Ninalichukua swali hili kwa uzito. Lakini ukanda uliotutenganisha, uwanja tulipopigiwa risasi na barabara ya Shilatembo ni ushahidi wetu sisi, na mwenye kudai haki hachomi ushahidi wake. Hata nyumba za veranda zilijengwa kwa mikono ya babu zetu na kulipiwa kwa jasho la waliokuwa chini ya ardhi. Tukiziacha ziondoke bila kuandika walizijenga akina nani, tutakuwa tumewafuta wajenzi na kuwaachia wakoloni picha zao, zilizohifadhiwa vizuri Brussels.

Kuhusu namna ya kufanya kazi hii nina ombi ninalolipa uzito mkubwa: msiwaachie wataalamu peke yao. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kimekusanya kumbukumbu za wakaaji tangu mwaka 2000 kwa uongozi wa Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu na wenzake, na wasanii wa mji, kupitia tamasha la picha na sanaa lililoanza mwaka 2008, wameonyesha mara nyingi jinsi ramani na picha za zamani zinavyoweza kuzungumza na mtu wa leo. Wao waongoze. Lakini katika kila komini kiundwe kikao cha wazee, wanawake kwa wanaume, wajane wa wachimba migodi, waliokuwa makapita (wanyapara), walimu wastaafu, machifu wa vijiji vilivyomezwa na mji, na wanenaji wote wasikilizwe katika Kiswahili chao, kile cha hapa, bila kusahihishwa. Vibao navyo viandikwe kwa Kiswahili kwanza na Kifaransa chini yake. Barabara zetu zimebadilishwa majina mara nyingi, kwa Ubelgiji, kwa Mobutu, na tena baada ya mwaka 1997, na kila mara mkaaji amekuta jina jipya bila maelezo. Safari hii aelezwe njia hii ilikuwa ya nani na walipita wakienda wapi.

Tukichelewa, wa kwanza kutuponyoka ni hao wazee. Aliyekuwa na miaka kumi siku ya mauaji ya uwanjani mwaka 1941 sasa amepita miaka 90. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 alipowaona Walubumbashi wakinong'ona habari za Luano mwaka 1961 anakaribia miaka hiyo naye. Majengo yanaweza kuchorwa tena kutokana na picha, lakini mzee anayejua wafanyakazi walikata wapi kona wakitoka kambini hana nakala.

Kwa hiyo ninaomba mambo haya yaingizwe katika kikao cha Septemba cha Bunge la Jimbo, wakati bajeti inapojadiliwa: kuundwa kwa tume ya pamoja ya jimbo, mji na chuo kikuu, fungu la fedha, hata liwe dogo, kwa ajili ya mwaka wa kwanza, na amri ya muda ya kusimamisha ugawaji wa viwanja vipya kandokando ya njia ya Luano hadi Shilatembo mpaka ukanda wake utakapopimwa. Hilo la mwisho linaweza kufanywa na Mheshimiwa Gavana kwa sahihi yake mwenyewe, hata kabla ya kikao.

Wanafunzi wangu na mimi tumechora ramani ya njia tano kwa mkono, pamoja na majina ya mahali kama wazee wa Kamalondo na Kenya walivyotutajia. Si kazi ya mtaalamu, lakini inaweza kuwa pa kuanzia. Tuko tayari kuileta na kuieleza, ofisini kwa Gavana au kwenye ukumbi wa mji, siku na saa mtakayotupangia.

Pokeeni, Waheshimiwa, heshima zangu za dhati.

Mwalimu wa historia, mkaaji wa Kamalondo